Koti la Kijivu Lililokwenda Kagugu

Mwaka ule vita vilikuwa bado huko kaskazini, na sisi wa mtaa wa Biryogo, Jumamosi mchana tulikuwa tunaangalia filamu kwa jirani mwenye video, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Niliyoipenda ilikuwa ya mama mmoja mfua nguo wa hoteli. Mashati anayoyapiga pasi yanamwamkia, na siku anaumwa yanashuka kwenye kamba, yanakwenda kumwangalia kwake. Wenzangu walicheka. Mimi nilipenda kwamba mle ndani hakuna aliyeshangaa. Meneja alimgombeza tu kwa sababu mashati yamechelewa.

Baba ni fundi cherehani. Mimi sisemi sana. Wateja wakija najificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Huko nyuma nilianza kutunga vya kwangu kwenye daftari la shule. Sindano inayogoma kushona Ijumaa. Pasi inayosikia wivu. Halafu koti la kijivu. Koti lenyewe lilikuwepo kweli, la mwalimu mmoja aliyelijaribu mara moja, kisha hakurudi kulichukua. Nikaandika: "Leo asubuhi koti la kijivu limetoka dukani. Limepita kizuizini, askari hawakuliona. Linamtafuta mwenyewe."

Wiki hiyo konseye, mkubwa wa serikali mtaani kwetu, alikuja na vijana wanne kusaka duka. Walikuwa wanasaka kila nyumba, ati wanatafuta wanaowasaidia waasi. Kijana mmoja akaliona daftari langu, akasoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

"Fundi," konseye akasema, "huyu Koti ni nani?"

"Ni mchezo wa mtoto tu, mkubwa."

"Mchezo iko napita kwa bariyeri? Unaona sisi wajinga? Koti ni mtu. Vaa viatu, twende."

Baba akaanza kuvaa viatu, polepole sana. Watu wawili wa mtaa wetu walikuwa wameambiwa wavae viatu namna hiyo hiyo, na hadi siku hiyo hawakuwa wamerudi. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Koti ni koti," nikasema. "Liko pale ukutani. Halijaenda popote."

Nikalitungua mwenyewe, nikampa.

"Yewe! Kumbe hii iko na mdomo!" kijana mmoja akasema, na sasa wakacheka wote. Nilifurahi walipocheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Konseye akaligeuza koti ndani nje. Baba, ili nguo zisichanganyike, hushona kwenye bitana kitambaa kidogo chenye jina la mteja na mahali anapokaa. Anayeandika vitambaa hivyo ni mimi, na mwandiko wangu unasomeka vizuri. Kwa woga nilikuwa nimesahau kabisa.

Akasoma jina. Akasoma Kagugu.

"Na huyu mwalimu, mbona hakuja kuchukua nguo yake? Amekwenda wapi? Kwa waasi?"

Baba alinitazama, akatazama chini. Wakamwambia abaki, wakaondoka na koti.

Siku ya tatu mke wa mwalimu alikuja kwa miguu. Baba alimpa kiti, hakukaa.

"Fundi, mume wangu alikuwa na malaria, wiki mbili kitandani. Ndiyo maana hakuja. Wamekuja na koti mliloshona, wakamvalisha, wakamchukua. Nani amewaonyesha nyumba?"

"Ni mimi, mama," baba akasema. "Jina nililishona mimi."

"Wewe ulishona. Nani aliwapa koti?"

"Mimi," baba akasema tena.

Chini ya pazia niliona miguu yake, kandambili na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Kisha akamwuliza baba kama wamemwambia wanampeleka wapi mumewe, baba akasema hapana. Nilingoja mpaka alipoondoka, ndipo nikatoka nyuma ya pazia.