Mfuniko wa Jivi

Kwa miaka thelathini Jivi alipita vichochoro vyote vya mji mkongwe wa Ahmedabad na kapu la vyombo vya stili kichwani, akivibadilisha kwa nguo kuukuu. Sari mbili, bakuli. Suruali tatu na shati, sufuria. Na katika wateja wake wote hakuna aliyejua kubishana bei kama Champaba, mjane wa ghorofa ya pili katika kichochoro cha masonara.

"We Jivi! Mwizi we! Panda juu uje uniibie!" Hivyo ndivyo alivyomwita dirishani, na Jivi alipanda hata siku ambazo kapu lilikuwa tupu.

Kopo moja la unga, lenye mfuniko wa shaba, waligombania miaka minne. Champaba alitoa sari tatu. Jivi alitaka na ya nne, ile ya kijani.

"Ya kijani nitachomwa nayo nikifa," alisema Champaba.

"Basi kopo langu litangoja moshi."

Wakacheka, wakanywa chai, kopo likarudi kapuni. Mwaka mmoja, sikukuu ya taa ya Diwali, Jivi alifika akakuta dirisha limefungwa. Mwanawe Champaba alikuwa amemhamishia mama yake ng'ambo ya mto, kwenye maghorofa mapya yenye mlinzi getini, na watu wa makapu hawapiti huko. Kopo lile Jivi alilisukuma chini ya kitanda. Hakulitia hata punje ya mtama. Laiti angelitoa kwa zile sari tatu!

Uzee ulimkuta anafagia duka la Navnitbhai, muuza simu na majokofu. Huko kiwanda kimoja cha kufungua vifaa vibovu vya umeme kilileta sanduku kubwa la kijani, watu watie humo simu zilizokufa, pasi, redio na nyaya zake. Miezi mitatu ikapita. Ndani mlikuwa na betri mbili na maganda ya karanga. Bwana wa kiwanda akasema baada ya Diwali analiondoa.

"Watu hawana elimu," alilalamika Navnitbhai.

"Wanayo. Sanduku lako ndilo halina adabu," Jivi akamjibu, ufagio mkononi. "Lina mdomo wa kula, halina mkono wa kutoa."

"Nimebandika tangazo kubwa mlangoni, Jiviben, dada yangu!"

"Wali unapikwa ndani ya tangazo?"

Akamweleza. Diwali kila nyumba inakung'uta makabati, na kila mwanamke anataka chombo kipya jikoni. Basi simu mbovu iwe bakuli, pasi mbovu iwe sufuria, kiwanda kilipie vyombo. Bwana wa kiwanda akakuna kichwa, akakubali. Lakini Jivi akaweka sharti: aende kwanza kuona vitu vinakopelekwa. Mtaani alikokaa zamani watu walichoma nyaya uani ili wapate shaba, na dada yake alikufa kwa kikohozi cha moshi ule. Wakampeleka. Aliona wanawake wenye glavu wakifungua skrubu, shaba huku, kioo kule, hakuna moto.

Hapo tu ndipo alipokubali kubeba kapu.

Alisema ni kwa ajili ya sanduku. Haikuwa hivyo. Alitaka kuitwa tena.

"Leteni vilivyokufa! Vinafunguliwa, havichomwi! Nimeona kwa macho yangu!" Navnitbhai akampiga picha ya video na kuwatumia wateja wake wote. Feni zikateremshwa kwa kamba, simu zikaja kwa mifuko. Kwenye kichochoro cha masonara Jivi alipaza sauti kuliko kote. Dirisha lile likafunguka, akashusha kapu upesi. Akachungulia kijana mpangaji, povu la dawa ya meno mdomoni.

"Hapa hatuna kitu, mama."

Siku moja kabla ya Diwali sanduku lilikuwa limejaa mara mbili na kumwagwa. Asubuhi hiyo akaingia dukani mwanamke kijana, amekumbatia redio ya mbao.

"Jivi mwizi ndiye nani hapa?"

Navnitbhai akamnyooshea Jivi kidole. Jivi aliacha ufagio ukaanguka.

"Mimi Bhavini, mkwe wa Champaba. Amesikia sauti yako kwenye simu yangu. Magoti hayamtoi nje siku hizi. Amesema nilete redio hii, na nikwambie hivi: ya kijani bado hatoi."

Jivi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaenda kwake, nyuma ya duka, akarudi na kopo, akilifuta kwa ncha ya sari. Bhavini akanyoosha mikono. Jivi akaung'oa mfuniko, akampa kopo tupu.

"Na mfuniko je?"

"Mfuniko una bei yake. Mwambie aje mwenyewe tubishane."

"Jiviben, nimekwambia, magoti."

Jivi aliuzungusha mfuniko mikononi.

"Basi mwambieni mlinzi wenu asinifukuze getini. Nitakuja na kapu kichwani, nimwite Champaba kutoka chini. Aniite mwizi kwanza, ndipo nipande."