Uma, Firigisi na Mkono wa Baba

Enzi zetu, wenzangu mliokula wali wa mawese kabla ya uhuru, hakuna mzee aliyetuketisha chini kutufundisha mila. Nasema hivyo kwa sababu vijana wa Kasongo wakikutana nami, na hukutana nami mara nyingi kwa kuwa nyumba yangu haifichiki, huniambia: "Papa, siku zenu wazee walikuwa na mafundisho." Mimi niliyesoma hadi ng'ambo nikarudi na diploma, sijaona mafundisho makali kama aliyotupa marehemu baba. Nayo hayakuwa ya mila. Yalikuwa ya kula kwa uma.

Baba alikuwa karani wa kupima pamba kule Wamaza, na aliitamani kadi ya evolue kuliko mbingu. Aliyeipata alihesabiwa na Wabelgiji kuwa amestaarabika: hakuchapwa fimbo, na mwanawe angeweza kupokelewa katika shule nzuri. Mwana mwenyewe ndiye mimi, kwa hiyo jambo lilikuwa zito. Lakini kwanza mzungu wa serikali alipaswa kuja kula kwetu, aone kama tunaishi Kizungu.

Basi kila jioni tulikaa mezani tukiuwinda wali kwa uma. Punje zilianguka hadi kuku wakashiba kuliko sisi. Sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilitushinda kabisa. Mama naye alikatazwa kumpigia mgeni magoti.

"Mama Rosa," baba alimwambia, "siku ile utakaa ku kiti sawa madamu. Maji ya kunawa, hapana. Muzungu iko na mikono safi."

Mama akauliza kama barabara ya Kabambare imeacha kutoa vumbi.

Siku ikafika. Mzungu akaketi, nasi tukaketi, uma kushoto, kisu kulia, migongo wima. Mama alikaa kama anayepigwa picha. Mgeni akatabasamu, baba akaanza kunenepa palepale. Kisha bakuli la kuku likaletwa.

Sijui baba aliwaza nini. Nadhani hakuwaza. Mkono wake wa kulia ulitoka wenyewe, ukazama bakulini, ukapapasa mchuzini hadi ukapata firigisi, ukaitua kwenye sahani ya mgeni. Sisi watoto, bila kutazamana, tukaweka uma chini tukingoja mgeni aonje. Mama alikuwa ameshapiga magoti na beseni la maji.

Mzungu akauliza kile ni nini.

"Firigisi, bwana," baba alisema, mchuzi ukimtiririka kuelekea kiwiko. "Iko ya mugeni. Mimi nikiikula na wewe uko hapa, sina nyumba tena."

Mzungu alinawa, akaila, tena kwa vidole. Akashukuru, akaenda zake. Baadaye likaja jibu kwamba familia ile bado haijawa tayari. Kadi hatukuiona kamwe, na ile shule nzuri ikanipita. Nikasoma ya misheni, na diploma haikuniogopa hata hivyo. Baba alimlaumu mama juma zima kwa ajili ya lile beseni, mpaka mama akamjibu polepole: "Baba Rosa, ule mukono mu bakuli haukukuwa wangu."

Leo mwalimu ni mimi. Kila Jumamosi huwakusanya wajukuu sebuleni nikawahutubia juu ya heshima ya mgeni, na kwa elimu yangu nahutubia vizuri. Wao hunirekodi kwa simu, wakidhani mila huhifadhiwa humo. Jumamosi iliyopita mtu alibisha hodi saa ya chakula. Mjukuu wangu mkubwa, kijana mwenye adabu, akamwomba angoje nje kwa sababu babu alikuwa bado hajamaliza somo. Nilipomaliza na kutoka, mgeni alikuwa ameondoka.

Kwetu Wamaza hatukuwahi kuwa na somo la wageni. Tulikuwa na wageni tu, na bakuli moja.