Chai Pande Mbili za Masale

Wakati wa korona, sisi tuliokuwa tukiwahudumia wagonjwa wa akili majumbani tulipewa amri moja: simama nje ya uzio, usiingie, usile, usinywe. Amri nzuri tu, ila aliyeitunga hakumjua mama mmoja niliyekuwa nikimhudumia kule Masama.

Mama huyu alikuwa akisikia sauti, na kwa miaka mingi dawa zilikuwa zimezituliza. Tulikuwa na utaratibu wetu. Tunakaa jikoni, ananimiminia chai ya maziwa, nikipiga funda naye anameza kidonge. Kisha namwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi, nami namgeukia kaka yake pale mlangoni: "Amemeza." Alinitania kwamba nikisema hivyo najiona daktari bingwa.

Siku nilipofika na barakoa na kusimama nyuma ya masale, ile mimea ya majani marefu inayozunguka kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, alinitazama mara moja tu.

"Umeanza kunionea kinyaa," akasema, akaingia ndani.

Wiki hiyo dawa hazikuguswa. Iliyofuata alikuwa halali, anabishana na migomba, na kaka yake akaanza kutafuta kufuli la kile chumba walichokuwa wakimfungia zamani.

Nilikasirika. Niliichukia korona, nikaichukia ile amri, nikajichukia na mimi niliyeitii. Nikiingia naweza kumpelekea ugonjwa, nikibaki nje nampoteza. Hayo chuoni hawakutufundisha.

Basi nikafanya kama wafanyavyo Wachagga wakikosana: nikachuma jani la isale, nikalipiga fundo, nikaliweka juu ya jiwe uzioni. Ukiletewa isale huna ujanja, lazima usamehe.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msamaha."

Alitoka ndani, akaja mpaka uzioni. Akaliokota lile jani, akaligeuzageuza.

"Umelitoa wapi?"

Kwa haraka zangu nilikuwa nimelichuma hapo hapo, kwenye mpaka wake.

"Wewe mtoto, unaniibia isale, halafu unaniomba msamaha kwa hilo hilo?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. Sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile. Akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili, kimoja akakiweka juu ya jiwe na kurudi nyuma.

"Kaa huko huko na korona yako."

Nikashusha barakoa, nikapiga funda. Upande wa pili naye akaweka kidonge mdomoni, akakishushia chai.

"Haya, fungua mdomo," nikasema kwa mazoea.

"Anza wewe."

Nikafungua. Nikanyanyua na ulimi. Akanikagua kwa mbali, bila haraka, uso kaukunja, kisha akafungua wa kwake nione. Ulikuwa mtupu. Akamgeukia kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Amemeza," akamwambia. "Hilo kufuli kafungie banda la mbuzi."