Mhariri Aliniambia Niitoe Dari

Baba alipoondoka, dari ya nyumba yetu ilianza kushuka.

Sitanii. Kila asubuhi nikiamka, iko chini kidogo kuliko jana, hadi nikawa nachana nywele nimeinama.

Wasomi wana jina lake, uhalisiajabu, maajabu yanayosimuliwa kama mambo ya kawaida. Sisi tulikuwa tunaiita sebule.

Nilipokua nikaandika riwaya ya utoto wangu, na dari nikaitia humo. Mswada ukamfikia mhariri mmoja, bwana mkubwa, miwani juu ya paji la uso, mguu unatikisika chini ya meza. Riwaya yangu ya kwanza, kitu nilichokililia maisha yangu yote, kaiwekea kikombe cha chai juu.

"Dada, una kipaji."

Ukianza kusifiwa hivyo, jua umekwisha.

"Ila hii dari toa. Nani ataamini?"

"Lakini ndiyo roho ya kitabu."

"Roho ya kitabu ni pale baba anapombusu mtoto aliyelala, halafu anakwenda mbali kutafuta kazi. Hapo umenitoa machozi. Uhalisia mtupu! Toa dari, tunachapa. Ukiiacha, tafuta kwingine."

Nikaenda kwa mama nikaonewe huruma. Mama ni fundi cherehani, hana muda na riwaya. Nikamsomea ile sura ya busu huku anapinda suruali ya mteja.

Cherehani ikasimama.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako, mama. Si ndivyo ulivyonisimulia?"

"Ah. Kweli." Akakata uzi kwa meno. "Niliitunga."

Nikaushusha mswada mapajani.

"Baba yako hakuaga mtu. Nilimtoa na begi lake mchana kweupe, majirani wanaangalia. Alikuwa na mke mwingine, na mtoto wa rika lako. Sasa wewe kila asubuhi unaniuliza baba kafika wapi, ningekwambia nini? Nikawa naongeza. Kapata kazi. Anakusalimia. Yuko njiani."

"Na lile busu?"

"Siku hiyo ulikuwa na homa, nikaona nikuchangamshe."

Hongera zake mama. Bwana mkubwa na miwani yake kalizwa na dawa ya homa.

Mimi sikucheka. Iliniuma, nikamtupia swali kwa hasira: "Na dari nayo ulitunga?"

Akanitazama kama nimemvunjia heshima.

"Dari niitungeje? Mimi nilikuwa napika nimepiga magoti! Kila nikikudanganya, inashuka."

Kumbe miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu niliyeiona.

"Nikiandika ukweli, utakasirika?"

"Andika, mwanangu. Ila usiniandike nalia. Sikupata nafasi."

Nikarudi kwa mhariri. Busu nimelitoa, dari nimeiacha palepale. Akasoma, akashusha miwani, akasema kitabu sasa kimepoteza uhalisia, akanitakia kila la heri. Kitabu hakijatoka hadi leo, ndiyo maana ninyi mnasoma bure hapa. Karibuni.

Funzo? Mkikutana na stori isiyo na kasoro hata moja, mtoto kalala, baba machozi yanamlengalenga, msikimbilie leso. Ulizeni kwanza ilitungwa kumlinda nani.

Ile ilinilinda mimi. Mama hakuwa na mtu wa kumtungia yake.