Mume Wangu Kamhoji Mama Mkwe

...na ndiyo maana nawaambia nampenda huyu mwanaume, jamani!

Anasoma uzamili wa historia ya familia. Yamebaki mahojiano ya mwisho tu, nikampeleka Kariakoo kwa mama.

Kawasha kinasa sauti: "Mama, wewe na baba mlipendanaje?"

Mama kajifunika kanga usoni. Mkwe anamuuliza mapenzi!

Mpenzi wangu jasho linamtoka, kazi ya mwaka mzima imekwama.

Mara bibi yangu toka chumbani: "Mume wangu, njoo uniulize mimi! Ila huyo mke mwenzangu atoke nje."

Mke mwenza ndiye mimi! Nimefukuzwa!

Saa nzima nasikia vicheko tu. Mume wangu katoka daftari limejaa, anang'aa.

Nyie mshawahi kuporwa mume na bibi?

"Bado sijamaliza, umrudishe," bibi kaniambia.

Haya bibi, mwezi hauishi, tunakuja.