Mafuta ya Gari la Wacera

Binti yangu Wacera hubeba wagonjwa kwa gari lake dogo la Kijapani. Jumatatu na Alhamisi humtoa mzee Wamae, ambaye sote humwita Guka, yaani babu, kwake Othaya, humleta Nyeri kusafishwa damu, humngoja, kisha humrudisha. Guka akikosa siku moja, miguu huvimba na pumzi humwishia. Kwa hiyo gari likikohoa, asiyelala ni mimi.

Alhamisi moja tuliamkia gereji. Bomba la giaboksi lilikuwa limepasuka na mafuta yote kumwagika. Fundi wetu, Ilyas, alishafunga bomba jipya. Mafuta hununuliwa na mwenye gari, basi nikakimbia dukani nikarudi na chupa ya yale mekundu, maana ndiyo niliyozoea kuona yakimiminwa pale.

Wacera akaisoma chupa, akanirudishia.

"Zii, Mami. Hii giaboksi iko na mkanda ndani. Nikiiwekea hii, mkanda utateleza, ujikwangue."

"Si ni Othaya na kurudi tu?" Ilyas akasema. "Kesho unamwaga. Watu wanaweka!"

"Na wale husukuma gari mpaka hapa kwako ni akina nani?"

Ilyas akacheka, akajikuna mgongo kwa spana.

Mafuta ya giaboksi hiyo yalikuwa yameisha mjini; yangeletwa mchana kutoka Karatina. Mimi niliona miguu ya Guka tu. "Weka, mtoto wangu. Utaenda polepole."

Wacera akampigia simu Muchiri.

Muchiri ni dereva wa Othaya, na kila Jumapili baada ya kanisa humwambia Guka kwamba gari la huyo msichana litamwacha njiani.

"Ati leo umenikumbuka?" sauti yake ilinifikia. "Nitamleta. Lakini akipenda kiti changu usilie."

"Mshike akishuka," Wacera akasema. "Mguu wa kushoto ndio mbaya."

Akaketi juu ya tairi kuukuu, macho barabarani. Mimi nilizunguka gereji, nikatoka, nikarudi.

"Mama Wacera, keti," Ilyas akasema. "Utanichimbia kisima hapa."

Mafuta yalipofika yalikuwa ya kijani. Ilyas alimimina, Wacera akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akapima tena na tena, hata nikatamani kumfinya.

Tulifika hospitali Guka akitoka. Muchiri alikuwa ameshamfungulia mlango wa gari lake. Mzee akasimama katikati ya magari mawili, ameegemea mkongojo, akamtazama Wacera.

"Imepona?"

"Imepona, Guka."

"Na kama haingepona, ungekuja?"

"Singekuja."

Muchiri akaguna. "Umeskia, mzee? Angekuacha hapa!"

"Nimeskia," Guka akasema. "Sasa wewe, gari lako likiwa bovu, ungeniambia?" Akamshukuru kwa kumleta, akaja polepole kwenye gari letu, mguu wa kushoto nyuma.

Barabara ya Othaya ni milima mitupu. Guka alisinzia kabla hata hatujamaliza wa kwanza. Mimi nilikaa nyuma na ile chupa ya mafuta mekundu mapajani, kwa sababu dukani walikataa kuipokea tena, nikiisikiliza giaboksi katika kila mpando mpaka tukafika kwake.