Magome Bila Mafuta

Sitautaja ule mti. Nikiutaja leo, kesho utakuwa umechunwa mpaka mizizi, na wanaouchuna watakuwa na mgonjwa nyumbani kama nilivyokuwa naye mimi, kwa hiyo sitakuwa hata na uso wa kuwakemea. Niseme tu kwamba unaota kwenye mbuga za Hanang, upande wa Hirbadaw, na kwamba wafugaji wa huko huyachemsha magome yake kwenye supu ya nyama. Wanasema yanafungua mishipa.

Mimi kazi yangu ni ya maabara, katika mji ulio mbali na kwetu. Tunakata kipande kidogo cha mshipa wa damu wa panya, tunakitundika kwenye vindoano ndani ya maji ya uvuguvugu, tunakifanya kijibane, kisha tunadondosha maji ya mmea tunaoupima. Mshipa ukilegea, mstari kwenye kompyuta unashuka. Magome ya Hirbadaw tuliletewa na baba yangu, ambaye aliyapata kwa rafiki yake wa siku nyingi, mzee mmoja mfugaji wa huko. Mstari ulishuka vizuri. Baba alitaka kuona mzigo wake umefanya nini, nikamtumia video. Aliitazama mpaka akaijua, akawaonyesha majirani wote wa kijijini kwetu Nambis, na nadhani hata ng'ombe waliiona.

Wakati huo mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kuuma, ila hakusema. Akipanda kutoka shambani alikuwa anasimama njiani na kujifanya anakagua mahindi ya jirani, maumivu yakipungua anaendelea. Mama ndiye aliyegundua, kwa sababu mahindi ya jirani yalishavunwa na mzee bado anayakagua. Halafu kikatoka kidonda kwenye kidole gumba cha mguu huo, kikakataa kupona.

Nilichukua likizo nikampeleka hospitali. Daktari alimweleza kwa upole kwamba mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, kwamba miaka ya tumbaku na presha imefanya kazi yake. Akampa vidonge, akamkataza mafuta na tumbaku, akaandika aende hospitali kubwa waone kama mshipa unaweza kuzibuliwa. Akichelewa, alisema, mguu utakatwa.

Nje ya hospitali baba alikaa kwenye benchi, akavaa kofia yake vizuri.

"Umesikia? Ni mishipa," akaniambia, na alikuwa karibu kufurahi. "Mishipa si ndiyo kazi yako?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba mshipa wa yule panya ulikuwa mzima, sisi ndio tuliubana, na ule mti uliuambia tu ulegee. Wa kwake umejaa uchafu ndani kama bomba lililoshika kutu, na bomba la namna hiyo ukililegeza bado limeziba. Nilimwambia kudondosha dawa juu ya mshipa ni jambo moja na kuinywa ikapita tumboni ni jambo jingine, na kwamba kutoka kwa panya mpaka kwa binadamu ni safari ndefu ambayo miti mingi haifiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima, kama anavyomsikiliza bwana shamba.

"Sawa, mama," akaniambia mimi binti yake. "Lakini ulilegea au haukulegea?"

Ulilegea. Ningesema nini? Nikasema ulilegea.

Basi hospitali kubwa ikawekwa kiporo, tuanze kwanza na magome. Hapo ikaingia Kwaresima. Baba alikuwa ameweka nadhiri kwamba hataonja nyama wala mafuta ya mnyama mpaka Pasaka, na nadhiri yenyewe aliiweka kwa ajili ya mguu. Kwa hiyo magome yalichemshwa kwa maji matupu. Akanywa asubuhi na jioni, chungu mpaka machozi, na kidole kikazidi kuwa cheusi. Nikawa nakuja kila nikipata ruhusa, natazama kidole, nalia jikoni kwa mama, narudi kazini kutazama panya.

Nitasema ukweli: nilipokiona kimekuwa cheusi kabisa, ndani ya huzuni nilipata nafuu kidogo. Nilidhani sasa mti umeshindwa mbele ya macho yake, na mtu akishaona kwa macho hahitaji kuelezwa.

Siku hiyohiyo akafika rafiki yake kutoka Hirbadaw, amepanda basi na shuka lake jekundu na fimbo, amemletea magome mengine.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anakunywa?"

"Anakunywa."

Akaomba kuona sufuria. Akachungulia, akanusa, akamtazama mama, kisha akamtazama baba kwa masikitiko ya kweli.

"Mafuta iko wapi?"

Baba akamweleza habari ya Kwaresima na ya nadhiri. Yule mzee si Mkristo, lakini nadhiri anaijua kuliko wengi wetu, na hakubisha hata kidogo.

"Hapo hakuna dawa, ndugu yangu," akasema taratibu. "Hayo ni maji ya kuoga. Hii dawa inapanda juu ya mafuta ya mkia wa kondoo, ndiyo inaingia. Bila mafuta inapita tu, inakwenda chooni. Lakini umeahidi Mungu. Maliza ahadi yako kwanza. Mimi nitaleta kondoo."

Baba alishusha pumzi, na uso wake wote ukafunguka. Mama naye alitabasamu, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Mti haukuwa umeshindwa, ulikosa mafuta tu. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki nikipiga hesabu. Daktari amekataza mafuta, mfugaji anasema bila mafuta hakuna dawa, Kanisa linasema subiri Pasaka, na Pasaka haisogezwi na mtu. Nikaomba twende hospitali kubwa tukiwa tunasubiri. Baba akaniambia mgonjwa hawekwi kwa waganga wawili kwa mpigo, mmoja atamharibia mwenzake. Nikapandisha sauti, na kwetu binti hapandishi sauti kwa baba yake, mama akanitoa nje.

Pasaka ilifika na kondoo akafika. Supu ilipikwa inavyotakiwa, mafuta yakaelea juu, baba akanywa na jasho likamtoka. Alilala usingizi mzuri sana. Yule mzee alikaa naye, wakaongea habari za mvua na za mashamba ya ngano kule Basotu, wakacheka. Ilikuwa siku njema na sina sababu ya kuikana. Lakini baada ya wiki hiyo mguu ulianza kunuka, na harufu haingoji mtu aelezwe. Baba mwenyewe akasema, "Twendeni."

Walimkata juu ya goti. Daktari wa hospitali kubwa alinipitia kwenye korido akasema mngemleta mapema, akaendelea na shughuli zake. Sikumchukia. Angeniuliza kwa nini, nisingejua nianzie wapi.

Nilipoingia wodini baba alikuwa amekaa, amenyolewa ndevu, dhaifu lakini mchangamfu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akavuta shuka taratibu akautoa mguu uliobaki.

"Huu nao umeanza kuuma ukipanda," akasema kwa sauti ya chini, ili mama asisikie. "Sikukwambia. Lakini huu tutauwahi. Nadhiri sina tena, na magome yapo. Wewe unajua mishipa, hebu angalia."

Juu ya unyayo kuna mahali ambapo mtu akiweka vidole anasikia damu ikidunda. Nikaweka vyangu. Baba akaegemea mto akaningoja, ametulia kabisa, mzazi aliyesomesha mtoto na sasa anaona faida yake. Sikusikia kitu. Nikasogeza vidole kidogo, nikabonyeza, nikatafuta tena.